Waheshimiwa, safari hii tuanze na mnunuzi ndiyo tuje kwenye shamba

Kwa Waziri wa Nishati, Waziri wa Kilimo, Waziri wa Fedha, na nyie wakubwa wa EWURA mnaopanga bei za mafuta, TBS mnaosimamia viwango, na Bodi ya Sukari. Shikamooni. Najua humo wengine ni wadogo zangu kiumri ila cheo ni cheo, ipokeeni tu.

Nimefanya kazi sheli miaka mingi, barabara ya Morogoro, nimeanzia kushika mpira wa pampu nikaishia kupima tenki na kusaini mizigo ya magari ya mafuta, na upande wa mama ukoo wetu ni wakulima wa miwa bonde la Kilombero, wale mnaowaita wakulima wa nje, wenye mashamba yao wanaokiuzia kiwanda miwa. Kwa hiyo hili jambo la mafuta ya mimea, yale ya kuendeshea magari siyo ya kupikia, linanigusa kotekote, kwenye pampu na kwenye shamba. Na nimeona maneno yameanza tena. Dola ikiadimika kama ilivyokuwa 2023, foleni zikaanza sheli, mtu anasimama kwenye kongamano anasema jamani Tanzania tuna ardhi, tuna jua, tuna mito, tunashindwaje kujitengenezea mafuta wenyewe. Makofi. Wakuu, hiyo hotuba tulishaisikia, tena neno kwa neno, kati ya 2005 na 2009, na bahati mbaya waliyoisikia karibu zaidi ni watu wa Kisarawe na Kilwa.

Naomba niwakumbushe kidogo maana naona kama ofisini mafaili yamefungwa. Mwaka 2006 serikali iliunda kikosi kazi cha mafuta ya mimea. Bei ya mafuta duniani ilikuwa inapanda tu mpaka Julai 2008 pipa likafika dola 147, na Ulaya nao wakawa wanajiandaa kupanga kwamba ikifika 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri wao itoke kwenye vyanzo mbadala, kwa hiyo kampuni zikawa zinatafuta ardhi kila kona ya Afrika. Kisarawe wakaja Waingereza, Sun Biofuels, wakapata hekta zaidi ya 8,000 za vijiji 11 wapande mbono, yaani jatropha, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kilwa wakaja Waholanzi wa Bioshape, karibu hekta 34,000, misitu ya pwani yenye mbao za thamani humohumo ndani. Bagamoyo Waswidi wa SEKAB wakaelekezwa kwenye iliyokuwa ranchi ya RAZABA walime miwa ya ethanoli, ile spiriti inayochanganywa na petroli. Haya, mwongozo wa serikali wa kusimamia mafuta ya mimea ulitoka lini? Novemba 2010! Yaani watu wameshagawiwa ardhi, wameshafyeka, bei ya pipa imeshaporomoka, SEKAB wameshajitoa, Bioshape wako kwenye kufilisika, ndiyo sasa karatasi ya kuwaongoza inatoka. Mwaka uliofuata Sun Biofuels nao wakafunga, vibarua mamia wakarudi nyumbani, na vijiji vikabaki na ahadi za visima, zahanati na barabara.

Kinachoniuma zaidi hapo ni ile njia ya kisheria iliyotumika, maana kufilisika ni biashara, kila mtu anaweza kufilisika. Mwekezaji wa nje hawezi kupewa ardhi ya kijiji ikiwa bado ya kijiji, lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, ndiyo apewe. Sasa kampuni ikifa ardhi hairudi yenyewe kijijini. Imeshatoka. Inakaa pale, inauzwa kwa kampuni nyingine, mwanakijiji anaomba ruhusa kupita kwenye eneo alilokuwa anachota maji na alikozika wazee wake. Hilo halikuhitaji mtu mbaya kutokea, sheria ilifanya kazi kama ilivyoandikwa. Na kule Bagamoyo waliokuja baada ya SEKAB hati mkaifuta, wakatupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na 2022 tukashindwa. Eneo lenyewe leo kuna miwa ya Bakhresa, inatoa sukari. Kwa hiyo tumelipia mradi wa ethanoli ambao haujawahi kutoa ethanoli.

Na mbono jamani. Mbono kaburi tunaujua, bibi zetu waliupanda kwenye makaburi na kwenye ua kwa sababu mbuzi hagusi na hauombi maji. Mtu akaona haufi akadhani unazaa. Kutokufa na kuzaa ni mambo mawili tofauti, ukiupanda kwenye ardhi kavu bila mbolea unakusubirisha miaka mitatu minne halafu unakupa vijimbegu, na lita moja ya mafuta inataka mbegu kama kilo nne tano, zilizochumwa kwa mkono moja moja. Walau Diligent wa Arusha hawakuchukua mashamba ya watu, walikuwa wananunua mbegu kwa wakulima wenye ua za mbono, ila kwa bei ile ya kilo mkulima akipiga hesabu ya siku nzima ya kuchuma anaona bora akalime mahindi. Desemba 2008 Air New Zealand walirusha ndege kwa majaribio injini moja ikiwa na mafuta ya mbono, sehemu yake yametoka ukanda wetu huu, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Mimi kwenye sheli yangu sijawahi kupokea hata ndoo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Katika mbio zote zile kila mtu aliulizwa ardhi iko wapi, mtaji uko wapi, mbegu gani, ajira ngapi. Hakuna aliyeulizwa nani hapa nchini atanunua hiyo lita, kwa bei gani, kuanzia tarehe ngapi. Soko lilikuwa Ulaya, kwenye karatasi za watu wengine. Hakukuwa na amri hata moja inayosema sheli ya Msamvu lazima iuze petroli yenye ethanoli asilimia kadhaa. Sasa kiwanda cha bidhaa ambayo hakuna anayelazimika kuinunua kinasimama kwa nini?

Msione nabahatisha, angalieni majirani. Zimbabwe pale Chisumbanje walijenga kiwanda kikubwa cha ethanoli ya miwa, kikaanza kuzalisha 2011, mapema 2012 kikasimama. Matenki yalijaa. Kuchanganya kulikuwa hiari, na wauza mafuta kwa hiari yao hawakuhangaika, na mimi nikiwa muuza mafuta nawaelewa kabisa, kwa nini nijisumbue na bidhaa mpya inayotaka tenki safi wakati ya zamani inaniingizia hela. 2013 serikali ikatoa amri, asilimia 5, baadaye ikapanda, kiwanda kikafufuka. Ila na wao walikosea sehemu nyingine, mzalishaji mmoja ndiye karibu soko lote, na kuna nyakati ethanoli ikawa ghali kuliko petroli yenyewe na mwananchi analipa tu kwa sababu ameamriwa, bado na ugomvi wa ardhi na wanavijiji pale Chisumbanje. Kwa hiyo amri peke yake haitoshi, inataka na kanuni ya bei.

Kenya walichanganya miaka ya 80, ethanoli ya Muhoroni, ikafa, bei iliyopangwa haikumlipa mzalishaji na kampuni za mafuta hazikuwa na hamu. Waliodumu ni Malawi. Kiwanda cha Dwangwa kimeanza 1982, wakati huo njia zao za kupitisha mafuta Msumbiji zinakatwakatwa na vita, na mpaka leo wanachanganya. Malawi haina miujiza, na mafuta yanawaishia kama kawaida maana dola ni tatizo lao kuliko letu. Ila wameanza na kitu walichonacho tayari, molasi, yaani ile asali nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa, ya kiwanda cha sukari kilicho jirani. Hawakufyeka msitu kutafuta ethanoli.

Na sisi molasi tunayo. Kilombero, TPC Moshi, Mtibwa, Kagera, Manyara, Bagamoyo, na Mkulazi ya NSSF na Magereza. Kilombero tangu 2013 wana mtambo wa kutengeneza spiriti wa kama lita milioni 12 kwa mwaka, na Mwanga kule Kilimanjaro kuna kiwanda kinachokula molasi. Kwa hiyo utaalamu upo, mafundi wapo, sema nyingi inaishia kwenye vinywaji vikali. (Mlivyopiga marufuku viroba, zile pombe kali za pakiti, Machi 2017 nilidhani hapo ndipo mtu wizarani atashtuka aseme jamani hii spiriti tuipeleke kwenye magari. Wapi.)

Sasa hesabu, na naomba mnisamehe ni hesabu ya kalamu na daftari la sheli. Tani moja ya muwa inatoa sukari kama kilo 100 na molasi kama kilo 40. Tani ya molasi inatoa ethanoli kama lita 250. Tukizalisha sukari tani laki nne kwa mwaka maana yake tumesaga miwa kama tani milioni 4, molasi tani laki moja na sitini, ethanoli lita milioni 40 kama hakuna hata tone limekwenda kwa ng'ombe wala kwa walevi. Petroli tunayochoma nchi nzima ni zaidi ya lita bilioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo ile asilimia 10 mnayopenda kuitaja inataka zaidi ya lita milioni 100, hatuna, na mtu akiwaambia tunayo kesho asubuhi muulizeni anapata wapi. Tukisema asilimia 10 nchi nzima mwaka kesho, matokeo yake ni mawili tu, tutaagiza ethanoli nje kwa dola zilezile, au tutaanza kusaga muwa moja kwa moja kuwa mafuta badala ya sukari. Hilo la pili sitaki hata kulifikiria, mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino ziliharibu uvunaji tu sukari ikapita 4,000 kwa kilo na sehemu nyingine zaidi sana, watu walikuwa wanakunywa chai ya rangi kwa chumvi.

Ndiyo maana naomba amri ndogo, ila ya kweli. Chukueni kanda moja inayozunguka kiwanda, tuseme Kilimanjaro na Arusha, au Morogoro, ethanoli asilimia 5 ichanganywe kwenye depo, yaani bohari kuu magari yanakopakia mafuta, siyo kwenye sheli, na muandike kwamba itapanda kadiri viwanda vinavyothibitisha molasi ipo. Mzalishaji akiwa na karatasi hiyo anakwenda benki na inaeleweka. Akienda na hotuba ya kongamano wanampa maji ya chupa na kumwambia karibu tena.

Nisisitize hapo kwenye depo. Ethanoli inapenda maji. Sheli zetu nyingi tenki za chini ni za zamani, mvua za masika zikipiga ukichovya fimbo yenye dawa unaona maji kabisa chini, na kwa petroli ya kawaida siyo balaa kubwa maana maji yanakaa chini na mpira wa kuvutia uko juu kidogo. Ukiweka petroli yenye ethanoli humo, ethanoli inayavuta yale maji, yakizidi inajitenga na petroli inashuka nayo, na gari la mteja linanyweshwa huo mchanganyiko wa chini. Linazimika Mikese. Siku hiyohiyo habari inaenea kwamba serikali inachakachua mafuta, na hapo hamtamshawishi mtu, nchi hii watu wameumizwa na uchakachuaji wa mafuta ya taa mpaka ikabidi mlete vinasaba, ile alama inayowekwa kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yajulikane, 2010 na mwaka uliofuata mpandishe kodi ya mafuta ya taa. TBS wakague na kusafisha tenki kabla, na gharama ya kusafisha wenye sheli ndogo za vijijini wasiachiwe peke yao maana watafunga au watadanganya. Na waambieni ukweli wateja, ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya petroli, kwa asilimia 5 hutaisikia, kwa asilimia 10 gari litakula zaidi kama asilimia 3. Dereva wa bodaboda akiambiwa mapema anavumilia. Akijigundulia mwenyewe anakuchukia.

Waziri wa Fedha, hapa ndipo najua kuna kigugumizi. Lita ya petroli ina tozo na ushuru wa kutosha humo ndani, 2023 mkaongeza na shilingi 100 nyingine, na barabara zinategemea hizo hela, nawaelewa. Lita ya ethanoli ikiingia badala ya lita ya petroli, inalipa tozo ileile au hailipi? Ikilipa yote, pamoja na ushuru wa spiriti, mradi umekufa siku ya kwanza. Isipolipa kabisa, kila mwenye mtambo wa konyagi atakuwa mzalishaji wa mafuta kwenye karatasi na spiriti yake itapita mlango wa nyuma kwenda baa. Iwekwe dawa isiyonyweka palepale kiwandani, TRA na TBS wakiwepo, na tozo isomeke kwenye sheria ya fedha kwa miaka kadhaa mbele, isiwe kila Juni watu wanashika roho kusubiri bajeti.

Bei nayo EWURA mnaijua kazi hii, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mnatoa bei kikomo, na sisi usiku ule tunabadilisha mabango. Wekeni na bei ya ethanoli humohumo kwa kanuni inayoonekana, yenye sakafu ili mzalishaji asife pipa likishuka, na dari ili mwananchi asikamuliwe likipanda. Na kwenye hiyo kanuni naomba muwe na mstari wa mkulima. Leo mkulima wa nje analipwa kwa tani na kwa kiwango cha sukari kilichopimwa kwenye muwa wake, molasi ikiuzwa ni hela ya kiwanda. Wajomba zangu wameshaacha miwa shambani misimu kadhaa kwa sababu kiwanda kimejaa, muwa unakauka unapoteza sukari, halafu ukikubaliwa baadaye unalipwa kidogo. Mkitengeneza soko jipya la molasi bila kuandika fungu la mkulima mmemwongezea tajiri mlango wa pili na mkulima amebaki na mlango uleule wenye foleni.

Kuna wanaosema tuanze na dizeli ya mimea, michikichi Kigoma. Sikubaliani, kabisa. Nchi inaagiza mafuta ya kula nje mpaka leo, Waziri Mkuu wa wakati ule alikwenda Kigoma 2018 kuhimiza michikichi ili tupunguze kuagiza, halafu sisi tuichukue mawese tuyachome kwenye fuso? Hapana. Kikaangioni kwanza.

Mabibo ndiyo yananipa tamaa kidogo. Lindi na Mtwara korosho ikivunwa tunda lenyewe linaachwa chini ya mti, uzito wake mara nane tisa ya korosho, kwa msimu wa korosho tani laki tatu ni mabibo zaidi ya tani milioni mbili yanaoza. Akina mama wa kule wanajua kuyageuza pombe za uraka na nipa tangu enzi, kwa hiyo kemia haina siri. Shida ni kwamba bibo likianguka leo kesho limeharibika, na huwezi kulisafirisha kilomita 80 kwenda kiwandani, mtambo lazima uwe mdogo na uufuate mkorosho. Watafiti wa kilimo wa Naliendele, Mtwara, wapewe hiyo kazi na hela ya kuifanya, ila isiwekwe kwenye mahesabu ya lita mpaka ionekane lita.

Tena kuna soko ambalo halihitaji hata depo. Mkakati wa nishati safi ya kupikia mliozindua 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na nikisikiliza redioni ni gesi, gesi, gesi. Hiyo gesi ya mitungi nayo tunaagiza. Jiko la ethanoli lipo, Dar limeshatumika, mama anaweza kununua nusu lita kwa hela aliyonayo siku hiyo kama anavyonunua mkaa wa kopo, mtungi wa gesi haumpi huo uhuru. Kwa lita milioni chache za mwanzo labda huko ndiko zingefanya kazi kubwa kuliko kwenye V8 za msafara wenu, samahanini.

Ninachoomba kabla ya bajeti ijayo ni kanuni kwenye Gazeti la Serikali inayotaja asilimia, kanda, tarehe ya kuanza, namna bei inavyopatikana na fungu la mkulima wa molasi. Na kipengele kimoja cha ardhi: mradi wowote wa mafuta ya mimea usihamishe ardhi ya kijiji, mwekezaji akitaka shamba akodi kwa kijiji chenyewe kama mbia au anunue zao kwa mkulima, na akifilisika ardhi iwe haijawahi kuondoka. Vijiji vile 11 vya Kisarawe na vile vya Kilwa vijibiwe pia, kwa maandishi, hekta zao ziko kwa nani leo. Mkishajibu hayo leteni magari depo, sisi tutasafisha matenki.

Wenu,
muuza mafuta mstaafu, mjukuu wa mkulima wa miwa, Morogoro